Kwenda Lisbon kuiona dhahabu ya Kilwa

Ijumaa, 20 Oktoba 2023

Ndege ya kutoka Istanbul imetua Lisbon katikati ya mvua, ikitikisika kama daladala kwenye mashimo ya Mbagala. Mdogo wangu wa kike alikuwa ananisubiri mlango wa kutokea, mkononi ana mwavuli na koti la mumewe. Ananijua kaka yake: mzaliwa wa Kilwa Kivinje, mkazi wa Dar es Salaam, nguo nzito pekee aliyonayo ni suti ya harusi.

Tukashuka chini kupanda treni ya ardhini, mstari mwekundu, tukabadilisha Saldanha na kuingia mstari wa njano mpaka mwisho kabisa, Odivelas, nje kidogo ya mji. Huko ndiko wanakoishi. Shemeji yangu ni Mmwani wa kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji. Walikutana Mtwara enzi hizo akivusha samaki wakavu. Kireno alipewa na shule, Kiswahili alipewa na bahari, na lafudhi yake ukiisikia unajua huyu mtu wa visiwani ingawa hutajua kisiwa gani.

Kabla ya kufika nyumbani tulipitia dukani kununua vitunguu. Juu ya kila mahali pa kulipia kumetundikwa kibao: Caixa 1, Caixa 2, Caixa 3. Shemeji akaniona nimekodoa macho.

"Soma kwa sauti, shemeji."

Nikasoma nilivyoweza. Akacheka. "Kasha hilo. Makasha yenu yote mliyowekea vitenge mlichukua kwetu."

"Kwenu nyie nani? Wewe si Mreno."

"Mimi nilikuwepo katikati, nimewapokea nikawapasia."

Usiku mdogo wangu akanitandikia sebuleni, na alipokuwa anavisha mto foronya, mpwa wangu wa miaka tisa akasema kwa Kireno neno lile lile, fronha, bila kujua kuwa amesema Kiswahili. Tangu hapo ikawa mchezo wa nyumba. Meza ni mesa. Bendera ni bandeira. Parafujo ni parafuso. Nimelala nikiota nafungua kontena limejaa maneno.

Niseme kabisa kilichonileta, maana nauli ya kwenda Ulaya haitoki kwa sababu ya kumsalimia mdogo mtu tu, Mungu anisamehe. Mwaka juzi huyu mpwa wangu alipelekwa na darasa lao kwenye makumbusho ya sanaa. Aliporudi akamwambia mama yake kuna chombo cha dhahabu kimeandikwa jina la kwa babu. Mama yake akanitumia picha, na picha yenyewe ilikuwa mng'ao wa kioo na kichwa cha mtoto mwingine. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Ukiniambia kuna mzigo uliotoka Kilwa, umepokelewa, umeandikwa, na bado upo ghalani, mimi nitaufuata.

Jumamosi, 21 Oktoba

Hapa jua linachomoza saa mbili kasoro dakika chache. Saa yetu ya Kiswahili, iliyopangwa na watu ambao jua kwao haliendi popote, inachekesha sana ukiwa huku: saa moja na nusu asubuhi ni giza, watu wako vituoni, taa zinawaka, na mimi najiuliza kama nimeswali alfajiri au tahajudi.

Tuliondoka wanne. Treni mpaka Rossio, kisha miguu hatua chache mpaka Praça da Figueira kupanda basi namba 714. Hapo ndipo Lisbon ilipoamua kunikaribisha rasmi. Barabara za waenda kwa miguu mji huu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa mawimbi na maua, kazi ya mkono, ukitazama unasifu. Vikilowa mvua vinakuwa kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Viatu vyangu vya ngozi nilivyovinunua Kariakoo kwa ajili ya safari vikaniacha hewani. Nikaanguka kwa makalio mbele ya kituo kizima cha basi. Bibi mmoja wa Kireno akaniinua kwa mkono mmoja, mwingine kashika mfuko wa kabichi, akasema maneno mengi. Shemeji akanitafsiria: "Anasema hata yeye aliyezaliwa hapa huanguka." Sikumwamini, ila nilimshukuru.

Belém iko magharibi, mto Tejo unapokaribia kuingia baharini. Meli za Vasco da Gama ziling'oa nanga huku Julai 1497. Leo kuna bustani, mabasi ya watalii, na foleni.

Foleni ndefu kuliko zote ni ya monasteri ya Jerónimos. Jengo hili nilikuwa nimeliona kwenye picha, lakini picha haikuambii urefu wake. Unatembea ukutani mpaka unachoka na ukuta bado upo. Lilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na fedha yake ilitokana na ushuru wa asilimia 5 hivi wa biashara ya Afrika na Mashariki. Hapo moyo wangu wa forodha uliamka. Mtu mwingine anaona nguzo zilizochongwa kama kamba za meli, matumbawe na mwani. Mimi nilikuwa naona pilipili manga. Kila jiwe ni kilo kadhaa za pilipili, zimepimwa, zimekatwa ushuru, mtu ametia saini.

Kuingia ndani ya ua wa watawa unalipia. Kuingia kanisani ni bure, kwa foleni nyingine. Tulichagua ya bure. Mpwa wangu akanionyesha neno kwenye kibao cha njia, Igreja, akanitajia kwa Kireno chake kisafi. Nilimwambia alitamke tena, polepole. Ige-re-ja.

Wanaisimu wanasema neno letu gereza limetoka hapo. Kwa mtoto wa Kilwa hiyo si habari ya kamusi. Ukivuka na mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, jengo la kwanza kukupokea ufukweni ni lile tunaloliita Gereza, ngome. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, wakaondoka 1512, na kuta tunazoziona leo sehemu kubwa ni za Waomani waliokuja baadaye. Shule ilitupeleka tukiwa darasa la sita. Mwalimu alituambia walikuwa wakifungwa watu humo. Hakuna aliyetuambia kwamba jina lake, huko lilikotoka, ni nyumba ya kusalia. Neno lilivuka bahari likiwa kanisa, likashuka likiwa kifungo. Sijui mtu wa kwanza wa pwani aliyelisikia alionyeshwa nini kwa kidole.

Ndani ni kweupe na kimya, pamoja na watu wote wale. Dari limeshikwa na nguzo nyembamba zinazofunguka juu kama minazi. Ukiingia tu, chini ya roshani ya waimbaji, kuna makaburi mawili yanayotazamana: moja la mshairi Camões, moja la Vasco da Gama. Alifia Cochin, India, mkesha wa Krismasi mwaka 1524, na mabaki yake yakaja kuwekwa humu mwaka 1880. Amechongwa amelala chali, viganja vimeunganishwa kifuani kama anayeomba, ubavuni pa kaburi kuna kamba na jahazi la mawe. Watu walikuwa wanapiga picha na kusogea. Nilisimama muda mrefu kidogo kuliko ustaarabu unavyoruhusu.

Safari yake ya kwanza, 1498, upepo ulimpitisha Kilwa bila kutia nanga. Alifika Mombasa, hakupendwa, akafika Malindi, akapendwa, akapewa mwongozaji wa kumvusha India. Sisi alitufikia mara ya pili, mwaka 1502, akiwa na kundi la meli na mizinga. Mtawala wa Kilwa wakati huo, Amiri Ibrahim, aliwekwa kati ya mambo mawili: alipe kila mwaka kwa mfalme wa Ureno, au mji upigwe. Akalipa. Inayotajwa ni mithkali 1,500 za dhahabu. Ukichukua mithkali moja kwa gramu nne na robo, unapata kilo sita na ushei. Mzigo wa kubeba begani.

"Mjomba, tunaenda?" mpwa wangu akanivuta koti.

Tukavuka kwenda mtoni. Kuna mnara wa kumbukumbu ya mabaharia, wa mwaka 1960, mawe meupe umbo la omo la meli, watu wamepanga foleni kwenda mbele na mwana wa mfalme, Henrique, ndiye wa kwanza. Haukunigusa, una sura ya kazi iliyoagizwa na serikali. Kilichonigusa kiko chini, uwanjani: dira kubwa ya marumaru yenye upana wa mita 50, zawadi ya Afrika Kusini ya wakati ule (na kila mtu anajua wakati ule Afrika Kusini ilikuwa ya nani), katikati yake ramani ya dunia ya kutembelea juu. Mpwa wangu alikwenda Brazil kwa kuruka mara moja. Mimi nilitafuta pwani yetu, nikasimama hapo na kiatu changu kibaya. Kiatu kimoja kilifunika kuanzia Msumbiji mpaka karibu na Lamu. Shemeji akaja akasimama kando yangu, akasema, "Umenikanyagia Ibo." Mvua ikaanza tena.

Tulikimbilia kwenye vile vikeki vya maziwa na mayai, vinaokwa Belém tangu 1837. Vinakuja vya moto, juu vimeungua madoa meusi, na mezani kuna vikopo viwili: sukari ya unga na mdalasini. Wa Belém wanyunyize wanavyojua. Mimi nilimwaga mdalasini mpaka mhudumu akageuza uso.

Basi lile lile 714 linaporudi mjini linapita Rua das Janelas Verdes, mtaa wa madirisha ya kijani, palipo na Museu Nacional de Arte Antiga. Tulifika kama saa nane mchana. Nilikuwa nimejiapiza kwenda moja kwa moja kwenye mzigo wangu, lakini mpwa wangu ana mpango wake wa ziara na hataki kuvurugiwa. Akatupeleka kwanza kwenye mapazia ya Kijapani. Ni mapazia ya kukunja, yamepakwa jani la dhahabu, na yamechorwa meli ya Wareno ikitia nanga Japani. Wareno wamechorwa pua ndefu na suruali zilizovimba kama maputo. Juu, kwenye kamba za milingoti, wanaoning'inia na kupinduka ni watu weusi. Mchoraji aliwaona au aliambiwa, kisha akawaweka juu kabisa ya meli. Nilihesabu, nikaacha. Baba zao walitoka wapi hakuna aliyeandika.

Halafu tukafika.

Chumba kina mwanga mdogo. Kipo peke yake ndani ya kabati la kioo, kimo chake sentimita sabini na kitu, sawa na kumfika mtoto wa shule ya msingi kifuani kama ungekiweka chini. Wakatoliki wanakiita monstransi: chombo cha kuwekea Ekaristi ili waumini waione na kuiabudu. Hiki kinajulikana kama Custódia de Belém. Kilitengenezwa na sonara Gil Vicente kwa ajili ya ile monasteri tuliyotoka asubuhi, na Mfalme Manuel alikitaja katika wasia wake wa mwaka 1517.

Nilikuja na hotuba kichwani. Nilikuwa nimeitunga tangu Dar, ina maneno makali na aya nzuri. Haikutoka. Kilichotoka ni macho kushuka kwenye kitako cha chombo na kukuta konokono. Konokono wadogo, ndege, maua, matunda, wamepakwa rangi ngumu inayong'aa kama ile ya vikombe vya zamani vya bati, buluu, nyekundu, nyeupe. Fundi alikaa akapaka pembe za konokono. Juu ya kitako kuna shingo imezungukwa na matufe sita ya pete pete, ile alama ya Mfalme Manuel unayoikuta kila ukuta wa mji huu. Juu yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti duara, kila mmoja na uso wake, mavazi yao yana rangi, wanaangalia juu mahali ambapo Ekaristi ingewekwa. Mmoja mdomo uko wazi kidogo. Juu yao njiwa mweupe amening'inia, na juu kabisa, chini ya paa la kamba na majani ya dhahabu nyembamba kuliko kiberiti, Mungu Baba ameshika dunia. Sisi Waislamu hatuchongi hivyo, nikageuza macho kwa adabu nikarudi kwa konokono.

Kando ya kitako, ukizunguka, kuna maandishi. Ndiyo niliyoyafuata. Mpwa wangu alipiga magoti akaanza kusoma, kidole hakigusi kioo kwa sababu mlinzi alikuwa anatutazama. Ni Kireno cha zamani, maneno yamefupishwa, ikabidi baba yake amsaidie. Kwamba mfalme mkuu na mwenye nguvu, Bwana Manuel wa Kwanza, aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi za Kilwa, na kikamalizika mwaka wa 1506.

"Do ouro," akasema mpwa wangu. "Ouro ni dhahabu, mjomba."

"Rudia."

"Ouro."

Uru! Niliongea kwa sauti mpaka mlinzi akasogea. Tangu utoto barazani Kivinje tunacheza karata: kopa, shupaza, pau na uru. Uru ni ile nyekundu yenye pembe nne. Miaka yote nimepiga uru mezani kwa kishindo bila kujua natamka dhahabu.

Nataka nieleze jinsi wakala wa forodha anavyoyasoma maandishi yale. Anayechukua mali ya watu kwa nguvu, kazi yake ya kwanza ni kufuta alama kwenye kasha. Jina la mtumaji linakwanguliwa, bandari ya kutoka inabadilishwa, tarehe inapotea. Nimeyaona sana. Huyu mfalme hakufuta. Ameandika mtumaji ni Kilwa, ameandika mzigo ni dhahabu, ameandika umekuja kama kodi, ameandika mwaka, na ameandika jina lake mpokeaji. Kisha ameyaandika kwenye mali yenyewe ili asiwepo wa kuyatenganisha. Hiyo ni risiti. Ya majivuno, lakini risiti. Na wakati fundi anaimalizia, Kilwa yenyewe ilikuwa imeshavamiwa: Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari kwa madai kwamba kodi haijalipwa tena, Amiri Ibrahim akakimbia, mji ukatekwa nyara.

Nilimwambia shemeji hayo yote kwa kunong'ona. Alisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo. Halafu:

"Shemeji. Na dhahabu hiyo Kilwa mliichimba wapi?"

Nikanyamaza.

"Kilwa kuna matumbawe na mikoko. Dhahabu ilitoka Sofala. Sofala iko kwangu."

"Na Sofala waliipata kutoka bara, kwenye machimbo ya Zimbabwe."

"Ehe. Na ilipopita Sofala, mtu wa Kilwa alikuwa amekaa pale anafanya nini?"

"Anatoza ushuru," nikasema.

"Anatoza ushuru," akarudia, taratibu, kama anayemwekea mgeni chai.

Mdogo wangu akasema tupunguze sauti. Kwa kweli hata yeye alikuwa anacheka. Nilizunguka kabati mara tatu zaidi, nikapiga picha, na picha zangu zote zimetoka mng'ao wa kioo kama ile ya mwanzo.

Tukala chapati na maharage ya nazi kwenye kibustani kando ya makumbusho, juu ya jabali linalotazama bandari. Chini kulikuwa na makontena, winchi, na malori yamepanga mstari. Dada mtu aliniambia niache kuhesabu makontena, nipo likizo.

Kurudi katikati ya mji tulitembea. Baada ya kama robo saa tulipita mtaa mwembamba unaoitwa Rua do Poço dos Negros. Mikahawa, kinyozi, nguo zimeanikwa madirishani. Poço ni kisima, shimo. Novemba 1515 Mfalme Manuel, huyu huyu wa konokono, aliandika barua kuagiza lichimbwe shimo refu la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu zilikuwa zinatupwa ovyo na mji unanuka, na limwagiwe chokaa mara kwa mara. Shemeji alinieleza tukiwa tunatembea, hakusimama. Mpwa wangu alikuwa mbele anaruka vijiwe vyeusi tu bila kukanyaga vyeupe. Hatukuingia mkahawa wowote mtaa ule.

Mwisho tulifika Praça do Comércio, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri. Ni uwanja wa kukutoa pumzi: pande tatu majengo ya manjano yenye matao, upande wa nne maji. Zamani kasri la mfalme lilikuwa hapa, na pamoja nalo Casa da Índia, ofisi iliyopokea kila kilichotoka Afrika na Asia. Yaani forodha! Dhahabu ile ya Kilwa, ikishuka melini, hapa ndipo pangekuwa mahali pake pa kupimwa.

Hakuna kilichobaki. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka. Waliokimbilia uwanja huu kuukwepa mporomoko wa nyumba walifuatwa na bahari. Kisha moto ukala mji kwa siku kadhaa. Kasri likaenda, Casa da Índia ikaenda na shehena ya karatasi zake. Mji uliojengwa baada ya hapo ni wa mistari iliyonyooka, na ndani ya kuta zake waliweka fremu za mbao ili zicheze bila kuanguka. Inasimuliwa walijaribu mfano wa nyumba hiyo kwa kuwapitisha askari kando yake wakikanyaga kwa kishindo.

Niliwaza zile karatasi. Vitabu vya mapokezi vimeungua, maghala yameungua. Ile risiti ya mviringo ilipona kwa kuwa ilikuwa monasterini, mbali na moto. Watawa walipofutwa mwaka 1834 ikapelekwa nyumba ya kutengenezea sarafu, ikakaribia kuyeyushwa, na akaiokoa Fernando wa Pili, mume wa malkia.

Kwenye gati la Cais das Colunas, ngazi za mawe zinashuka ndani ya mto kati ya nguzo mbili. Maji yalikuwa yanapanda. Kijana mmoja anaimba kwa gitaa la umeme. Mimi niliketi ngazi ya juu, makalio yananiuma bado, mpaka jua likazama karibu saa moja usiku na mdogo wangu akasema kesho kuna siku nyingine.

Jumapili, 22 Oktoba

Hotuba yangu ya kutoka Dar imekwisha, kwa hiyo leo nimekuwa mtalii wa kawaida. Tumepanda kilima cha Castelo de São Jorge, ngome ambayo Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliwanyang'anya Waislamu mwaka 1147. Kuna tausi na mandhari. Tumeshuka kwa miguu kupitia Alfama, jina la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za moto. Vichochoro vyake vimejikunja kama vya Mji Mkongwe, tofauti ni kwamba hapa vinapanda na kushuka, na magoti yangu yaliitambua tofauti hiyo kabla ya macho. Tramu namba 28 ilipita ikiwa imebanana mpaka milangoni. Tukaiacha na wezi wake wa mifukoni.

Kituo kimoja tu kilinishika. Karibu na Rossio kuna kiwanja kidogo, Largo de São Domingos, kila siku kimejaa Waafrika, wengi wa Guinea-Bissau, wamekaa ukutani wakiongea, wakina mama wanauza karanga na bidhaa za kwao. Kando yao kanisa la São Domingos, ambalo liliungua mwaka 1959 na ndani hawakuficha makovu: nguzo zimemomonyoka, rangi ya matofali yaliyochomwa. Nje ya kanisa kuna kumbukumbu ya jiwe yenye nyota ya Daudi. Aprili 1506, wakati wa Pasaka, kundi lilitoka kanisa hili likawaua Wayahudi waliokuwa wamebatizwa kwa lazima, na mauaji yakaendelea siku tatu mjini.

1506. Sonara alikuwa wapi siku hizo? Karakana yake haikuwa mbali kiasi cha kutosikia. Nilimuuliza mdogo wangu, akasema, "Kaka, hata mimi sijui jirani yangu wa juu alikuwa wapi jana." Mama mmoja wa Guinea akaniuzia karanga za kukaanga, akanipimia kwa kikopo, akaongeza kiganja kimoja cha bure.

Jioni mvua kubwa. Pilau ya kuku, kachumbari, chai. Shemeji akatoa karata. Wanacheza mchezo wao unaoitwa sueca, watu wanne, wawili kwa wawili, karata 40. Nilipewa mpwa wangu kuwa mwenzangu, akanieleza sheria kwa ukali wa mwalimu: dume ndiyo kubwa, inafuata saba, usiniangalie usoni mjomba, usinikonyeze, hiyo ni wizi.

Shemeji akagawa, kumi kumi. Ya mwisho ikafunuliwa.

"Trunfo é ouros," akasema mpwa wangu.

Turufu ni uru. Nilifungua karata zangu taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi. Sikuwa nayo hata moja.